Nani Anapiga?

Likizo iliyopita, nyumbani Busunzu, nilimwekea babu wimbo wa Joni Mitchell, mwanamuziki wa Kanada, kwenye simu. Unaitwa “The Jungle Line” na umo katika albamu yake ya 1975, The Hissing of Summer Lawns. Ngoma zilipoanza, babu aliisogeza simu sikioni.

“Hizo za Burundi. Nani anapiga?”

Zilirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967. Novemba 1966 ufalme wa Burundi ulikuwa umefutwa. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma na pia ni utawala wa mwami. Kwa hiyo wapigaji wale walikuwa wakipiga ngoma ya mwami ambaye hakuwapo tena. Kwenye jalada la albamu zikaitwa ngoma za kivita.

Mwaka 1972 mauaji yalipotokea Burundi, maelfu walikimbilia Tanzania, wengi kupitia Kigoma. Babu anawakumbuka. Kiha na Kirundi vinasikilizana, hapakuhitajika mkalimani. Albamu ilipotoka, wahakiki wa Marekani walibishana kama Mitchell amethubutu au amepotea njia. Upande huu wa mpaka, watu waliozaliwa na ngoma zile masikioni walikuwa wakianza mashamba upya, na hakuna aliyewauliza maoni yao.

Nilimwambia babu kwamba jalada linataja ngoma tu, si majina ya wapigaji. Alinyamaza kidogo.

“Lakini jina la huyo mama unalijua.”

Akanirudishia simu.