Ridhaa Mbele ya Kamera ya Tabibu

Miongoni mwa istilahi za utabibu ambazo bado hazijatulia katika lugha yetu, sioni inayostahili kupimwa kwa uangalifu zaidi kuliko ile inayotaja kukubali kwa mgonjwa baada ya kuelezwa jambo hata likamwelea, ambayo wafasiri wameiita mara idhini, mara kibali, na mara ridhaa. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka, na kibali huandikwa kikagongwa mhuri. Bali ridhaa ni kukunjuka kwa nafsi yenyewe, nayo haipatikani kwa ikirahi. Sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inapoeleza ubakaji wa mwanamke mtu mzima hulitegemea neno hilohilo, yaani bila ya ridhaa yake; basi tabibu anayetaka kuyapiga picha majeraha ya mwanamke aliyenyang'anywa ridhaa usiku uliopita hana budi kumwomba ridhaa kwa maana yake kamili, wala asiridhike na kumsogezea kalamu.

Tumfikirie mwanamke wa Litapunga, katika Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, aliyekwisha kuieleza aibu yake polisi ili apewe PF3, yaani fomu ya polisi ambayo tabibu huijaza baada ya kumchunguza, na sasa yumo katika chumba cha uchunguzi. Huenda alilelewa kwa Kibende au Kisukuma, au kwa Kirundi, kwa kuwa makazi ya Katumba, walikopokelewa wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970, yamo katika Nsimbo hiyohiyo. Na Kiswahili chake cha sokoni si lazima kiwe Kiswahili cha fomu. Aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba picha zitaonwa na mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu, na kwamba zikitolewa mahakamani zitaonwa pia na mshtakiwa mwenyewe, jambo ambalo aghalabu hunyamaziwa. Tena aambiwe waziwazi kwamba akizikataa picha atatibiwa vilevile, na PF3 yake itajazwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 huihesabu picha kuwa nyongeza, isiyoshika mahali pa maandishi na mchoro wa mwili. Alama ya kuvia damu mkononi hupigwa kwanza mkono wote ukionekana, kisha kwa karibu, rula ikiwa kando yake. Lakini tabibu aliyeandika upana wake, rangi yake na upande ilipo, amekwisha kuifaa mahakama pakubwa. Ama sehemu za siri, hapo ndipo ninaposimama kidete: wengi waliobakwa hawaonekani na jeraha huko, na picha ya mwili usio na alama, mikononi mwa wakili hodari, hugeuzwa kuwa hoja dhidi ya mwenye mwili. Picha ya namna hiyo isipigwe ila kwa haja ya uchunguzi inayoweza kutajwa.

Sheria zetu zimeamuru ushahidi wa mashauri haya usikilizwe faraghani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya katika zile nyeti. Sitara hiyo yote hubatilika picha ikikaa katika simu ya tabibu pamoja na picha za arusi za jamaa zake. Kenya wamejaribu programu iitwayo MediCapt, iliyobuniwa ili picha zihifadhiwe kwa usalama pamoja na fomu ya uchunguzi.

Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa ridhaa ya mtoto wa chini ya miaka 18 haimwokoi mbakaji, basi mtoto haulizwi chochote, mzazi akitia sahihi imetosha. Hiyo ni kuikosea sheria iliyowekwa kumhifadhi: mtoto naye aelezwe kwa kadiri ya akili yake, na akiirudisha kanga mwilini, kamera iwekwe chini.

Kwa hayo napendekeza istilahi iwe ridhaa baada ya maelezo, na fomu iwe na sahihi mbili zilizotengwa, ya uchunguzi na ya picha. Na tabibu akitaka picha za kufundishia wanafunzi, ridhaa hiyo ya tatu isiombwe siku ile ya uchunguzi.