Ujira wa Wajuzi wa Lugha

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari aliondoka Bagamoyo akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwajiri wake alikuwa Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichoanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 1887 ili maofisa na wengine waliokuwa wakienda ng'ambo wasifike huko mabubu. Mtoro alikuwa mtu wa elimu, aliyesoma dini kwa masheikh wa pwani. Chuoni alikuwa lekta, mwenye kazi ya kuwazoesha wanafunzi matamshi na mazungumzo, na juu yake walikuwapo walimu wa Kijerumani.

Mmoja wao, Carl Velten, aliwahi kuwa mkalimani wa serikali ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki kabla ya kuwa mwalimu Berlin. Mwaka 1903 Velten alichapisha kitabu Desturi za Wasuaheli, chenye habari za uzazi, harusi, ngoma, uganga, utumwa, madeni na mazishi. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilitoka kwenye kalamu ya Mtoro, lakini kitabu kilijulikana kuwa cha Velten. Toleo la Kiingereza lenye jina la Mtoro kwenye jalada lilitoka mwaka 1981, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Maisha yake Ujerumani hayakuwa mepesi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata akaacha kazi chuoni baada ya mzozo. Wawili hao walisafiri hadi Dar es Salaam, na serikali ya koloni ikakataa mke ashuke. Walirejea Ulaya. Mtoro akawa anapata riziki kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki katika miji ya Ujerumani, na kwa miaka michache alifundisha Hamburg. Alifariki Berlin mwaka 1927. Huyu alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa Kiswahili wa zama zake.

Mzazi anayemuuliza kijana wake leo atakula nini na shahada ya isimu ana haki ya kuuliza, na kisa cha Mtoro kina sehemu ya jibu. Katika Afrika Mashariki ujuzi wa lugha umelipwa kila pale taasisi yenye fedha ilipouhitaji kwa shughuli yake nyingine: kutawala, kuhubiri, kusomesha, kuhukumu. Fungu nono limemfikia zaidi mwenye cheo na cheti kuliko mwenye lugha.

Waingereza waliporithi Tanganyika, ofisa wa serikali alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili. Ufasaha wa mtawala ukawa sehemu ya safari yake kazini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Januari 1930 ikazaliwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alifariki mwaka 1937, na kamusi zinazobeba jina lake zikatoka mwaka 1939. Kamati hiyo ilipitisha vitabu na kuamua tahajia. Waafrika walianza kuketi ndani yake katika miaka ya 1940.

Shaaban Robert naye alipata kuwa mjumbe wa Kamati. Lakini nyumba yake haikulishwa na lugha. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akatumikia idara ya mifugo, ofisi ya wilaya Tanga na ofisi ya upimaji. Mashairi na insha zinazosomwa hadi leo ziliandikwa na mtu aliyekuwa akienda ofisini kila asubuhi kushughulikia makaratasi ya serikali. Inauma kulitafakari hilo.

Uhuru ulileta ngazi ya kazi iliyokuwa haipo. Mwaka 1964 Kamati iliingizwa katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ikawa chuo cha uchunguzi ambacho baadaye kiliitwa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na sasa ni TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa kwa sheria mwaka 1967. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ikatoka 1981. Mhitimu wa isimu aliweza sasa kuwa mhadhiri, mchunguzi au mhariri, na idhaa za Kiswahili za BBC na Deutsche Welle nazo zilihitaji watangazaji na wafasiri.

Nchini Kenya mlango ulifunguliwa na mtaala. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Ghafla kila shule ilihitaji mwalimu, na kila mwalimu alihitaji vitabu vya kiada, miongozo na majaribio. Wachapishaji waliwaendea wahitimu wa Kiswahili. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, iliteuliwa kusomwa shuleni, na kitabu teule hununuliwa kwa wingi ambao riwaya ya kawaida haiuoti. Saini moja ya serikali iliumba soko hilo.

Lakini mahali ambapo thamani ya taaluma hii ilionekana waziwazi kuliko pote ni Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, mshtakiwa wa mauaji ya kimbari, shahidi alisema kwa lugha yake, mkalimani akayageuza maneno yake kwa Kifaransa, na mwingine akatoa Kifaransa hicho kwa Kiingereza. Jaji aliyefuata kwa Kiingereza alisikia ushahidi uliokwisha kupita vinywa viwili.

Majaji waliliona tatizo hilo. Mathias Ruzindana, profesa wa isimu kutoka Rwanda, aliitwa awe shahidi mtaalamu. Alieleza maneno kama inyenzi (mende) na ibyitso (washirika wa adui) yalivyobadilika maana kadiri vita vya Rwanda vilivyoendelea, na maneno ambayo mashahidi waliyatumia kueleza ubakaji. Maelezo yake yalitumika katika hukumu ya Septemba 1998, ambamo kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wanafunzi wa semantiki wanaoambiwa kuwa somo lao ni la hewani wangefaa kusomeshwa kesi hiyo mwaka wa kwanza.

Wakalimani na wafasiri wa Arusha walikuwa na ajira ya Umoja wa Mataifa. Lakini mwisho wa mwaka 2015 mahakama ilifungwa.

Kazi mpya imekuja kutoka Dodoma. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, wakati sehemu kubwa ya sheria za nchi ilikuwa kwa Kiingereza. Kila kifungu kinachofasiriwa kinaweza kugusa shamba, mirathi au kifungo cha mtu, na kwa hiyo kinamtaka mfasiri aliyesomea maana kwa undani, anayekaa meza moja na mwanasheria. Bajeti za wizara na za mahakama zinapaswa kuwa na fungu la malipo yake, kama lilivyo fungu la wahandisi katika ujenzi wa barabara.