Mifongo ya Kilimanjaro: Kupanga Kabla ya Kuchimba

Wapo wanaodhani kwamba kumfundisha mtoto kupanga kazi na kulinganisha mawazo kabla ya kushika zana ni jambo lililokuja na mitaala mipya. Historia ya miteremko ya Kilimanjaro inawakatalia. Mvumbuzi Mwingereza Harry Johnston alipofika Moshi kwa mtawala wake, Mangi Rindi, mwaka 1884, alikuta Wachagga wakinywesha migomba kwa mifongo, yaani mifereji iliyotoa maji kwenye mito ya makorongoni na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya ukoo. Wachimbaji hawakuwa na pima maji wala ramani, lakini hawakubahatisha. Mfongo ukiinama kupita kiasi, maji hula kingo. Ukilala mno, tope huujaza. Banio, yaani mahali maji yanapochepushwa, likisogezwa juu mtoni, vihamba vingi zaidi hupata maji, ila njia hurefuka na makorongo ya kuvuka huongezeka, na penye korongo hutakiwa gogo lililochongwa mtaro wa kuvushia maji. Ilibidi basi njia zipimwe na kulinganishwa kabla jembe halijagusa udongo, kwani kosa lingelipiwa kwa nguvu za ukoo mzima.

Itasemwa kwamba waliopanga walikuwa wazee, si watoto. Ni kweli, tena elimu hiyo ilikuwa na mipaka mikali: wanawake walizuiwa kwenye kazi za mfongo, na ujuzi wa kuchagua njia ulishikwa na wachache. Hatuna sababu ya kurudisha mipaka hiyo. Hata hivyo, mtoto wa mlimani hakukua mbali na maamuzi ya wakubwa. O. F. Raum, mtoto wa mmisionari wa Kilutheri aliyehudumu mlimani, alionyesha katika kitabu chake *Chaga Childhood* cha mwaka 1940 jinsi watoto walivyoiga kazi za wazazi katika michezo yao. Kijana aliyeitwa kuzibua mfongo aliona mwenyewe ni wapi maji yalipokataa kupita, na akasikia wakubwa wakibishana kuhusu sababu.

Pengo lilikuja pale kufikiri kulipotengwa na kutenda. Shule za ufundi za mkoloni, ikiwemo ya Moshi, zilikusudiwa hasa kutoa mafundi wa kutekeleza, huku uamuzi mkubwa ukibaki ofisini. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule. Pamoja na hayo, shule nyingi zilichukua jembe na kuacha uamuzi. Mwanafunzi akalima alichopangiwa.

Mwalimu mwenye darasa kubwa na vifaa haba atauliza muda atautoa wapi. Swali lake ni la haki, lakini uhaba ndio unaodai mpango: mbao moja ikikatwa vibaya, hakuna ya pili. Kuchora njia mbili kwa kijiti mchangani na kuuliza ipi itafaa, na kwa nini, hakuhitaji bajeti. Walimu wa Moshi na kwingineko, msimpe mtoto msumeno kabla hajaeleza kwa nini ameacha wazo la kwanza na kushika la pili.