Raia chini ya Milima ya Uluguru

Mjini Morogoro, kwenye kambi za jeshi kama Pangawe, watu wako wa aina mbili tu: askari na raia. Anayestaafu huambiwa anarudi uraiani, kana kwamba uraiani ni mji wenye stendi yake. Pasipoti nayo ina raia wake, lakini huyo ni mwingine: huyo hata jenerali ni yeye.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Raia, kwa asili, ni anayechungwa, kama mifugo. Dola ya Uthmania ililigeuza hilo kuwa utaratibu wa utawala: upande mmoja walikuwa waitwao askeri, watumishi wa dola waliosamehewa kodi, upande wa pili reaya, waliolima na kuilipa. Mluguru hakuwahi kutawaliwa na Istanbul, ila mgawanyo huo angeuelewa bila mkalimani.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliuvuruga mgawanyo huo. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikwisha kuondoka, watu wake wakiizunguka milima kuelekea Kisaki. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, magari yakakwama kwenye matope, na mizigo ya vita ikaangukia vichwani mwa watu. Pande zote mbili zilikamata vijana vijijini na kuwatwisha. Walikuwa nani hao? Bunduki hawakupewa, kwa hiyo si askari. Lakini walikula, walilala na kuchapwa kwa amri ya jeshi, kwa hiyo uraia wao nao ulikuwa wa jina tu. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, wengi kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Kikosi chao cha Carrier Corps ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyepandishwa juu, bunduki mkononi, ni askari peke yake.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani, ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa ngumu na faida hawakuiona. Mwaka 1955, huko Matombo, hasira ilifumuka. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango wa matuta ukaachwa. Nionavyo mimi, siku hiyo ndiyo raia wa Uluguru walipokataa kuchungwa.

Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, serikali ya Tanganyika huru ililivunja jeshi lililorithiwa kwa Waingereza. Jipya, lililoundwa Septemba mwaka huohuo, likaitwa Jeshi la Wananchi. Hawakuliita la raia, na nadhani walichagua vizuri: mwananchi ana nchi, raia ana mtawala. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, vya 1978 na 1979, vililipima jina hilo, mgambo kwa maelfu walipoacha majembe na kwenda mstari wa mbele.

Wapagazi wa 1916 hawana hata jina la kupima, kwani wengi wao majina hayakuandikwa kaburini popote. Mwenye bibi au babu Kisaki, Mgeta au Matombo anayekumbuka jina la aliyetwishwa mzigo asirudi, na aliandike sasa.