Thairista: Silikoni Iliyotawala Joto la Umeme

Kwa miaka mingi, fundi aliyetaka kupunguza moto wa tanuri la umeme angeweza kufanya hivyo kwa kupoteza umeme. Aliunga ukinzani wa ziada kwenye saketi, nao ukapata moto bure. Viwanda vikubwa vilikuwa na rektifaya za mvuke wa zebaki, uvumbuzi wa Mmarekani Peter Cooper Hewitt wa mwaka 1902, lakini hizo zilikuwa vyombo vikubwa vilivyohitaji uangalizi.

Mwaka 1956, John Moll na wenzake wa Bell Labs, akiwamo Nick Holonyak, walichapisha utafiti wa swichi ya silikoni yenye tabaka 4. Mwaka uliofuata, Gordon Hall na Frank Gutzwiller wa General Electric wakaifanya chombo cha kazi kwa kuiwekea geti. Thairista hiyo ya kwanza ilihimili volti 300 na kupitisha ampea 7.

Thairista huzuia umeme mpaka geti lipewe mpigo mdogo. Ikishafunguka, hubaki wazi hadi mkondo ukaribie sifuri. Katika umeme wa hezi 50, nusu mawimbi ni 100 kwa sekunde, na kila moja huanza upya. Ukichelewesha mpigo, hita hupata kipande kidogo zaidi cha wimbi. Joto hupungua bila ukinzani wa kupoteza nishati.

Hapo ndipo hesabu huwakwaza wengi. Chukua hita ya wati 1,000 kwenye volti 230. Ukinzani wake ni omu 52.9. Ilishe kwa daraja la thairista 4, mpigo ucheleweshwe nyuzi 90. Volteji ya wastani ni takriban volti 103.5. Ukiipiga kipeo cha pili na kugawa kwa ukinzani, utapata wati 203 hivi. Jibu hilo si sahihi. Hita inapokea wati 500, kwa kuwa nusu ya nishati ya kila nusu wimbi imepita. Joto hufuata wastani wa mraba wa volteji, wala si mraba wa wastani wake.

Mita nyingi za bei nafuu hukadiria thamani faafu, yaani kipeuo cha pili cha wastani huo wa mraba, kwa kudhani wimbi ni kamili, hivyo hukosea linapokatwa. Anayefundisha au kutengeneza saketi hizi apime kwa mita inayosoma thamani faafu halisi. Hall na Gutzwiller walitupa uwezo wa kulitawala joto. Kulipima kwa usahihi ni jukumu letu.