Sekunde Sita Zinazochukua Dakika Ishirini

Tufanye hesabu kwanza. Wachezaji watano wameketi mezani, na mashujaa wao wamekutana na majambazi watano wenye mapanga. Katika kila raundi ya mapigano kila mmoja wa hao 10 ana zamu yake, na kila zamu inachukua dakika 2: kuamua utafanya nini, kurusha dadu, kujumlisha, kuuliza kama kanuni inaruhusu. Raundi moja imekula dakika 20. Pambano likifika raundi ya tano, saa moja na dakika 40 zimekwisha. Kanuni za sasa za Dungeons & Dragons zinasema raundi ni kama sekunde 6, kwa hiyo ndani ya hadithi imepita nusu dakika tu. Na katika dakika hizo 100 kila mchezaji amecheza dakika 10. Zile 90 amekaa akitazama, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii: kila mchezaji ana mhusika mmoja katika ulimwengu wa kubuni, na anasema mhusika wake anafanya nini. Mtu mmoja, msimamizi, anaueleza ulimwengu huo na kuwachezesha wengine wote, kuanzia muuza pombe hadi zimwi. Penye shaka dadu inaamua. Sehemu kubwa ya mchezo huo ni maongezi na huenda haraka. Panga likichomolewa tu, kila kitu kinatambaa.

Wachezaji wamezoea kumlaumu mwenzao mzito wa kuamua. Mimi naona lawama hiyo haifiki mbali, kwa sababu tatizo lina umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe.

Mwaka 1824, huko Prussia, luteni wa mizinga aitwaye Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa. Baba yake alikuwa amemwonyesha mfalme toleo la awali mwaka 1812. Mtoto aliuhamishia kwenye ramani za kijeshi, akaweka vipande vyekundu na vya buluu kuwakilisha vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi wa kusimamia yote. Zamu moja iliwakilisha dakika 2 za vita. Ofisa aliyetaka kujua bunduki zake zimeangusha wangapi alimngoja mwamuzi arushe dadu, atafute jibu kwenye jedwali, kisha aandike hasara, na kazi hiyo ilirudiwa kwa kila kikosi kilichofyatua risasi. Miaka ilivyokwenda malalamiko yakaongezeka. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, aliyekuwa katika makao makuu ya Moltke wakati wa vita na Ufaransa, alipendekeza dadu na majedwali viwekwe kando. Mwamuzi atazame ramani, aseme nani kashinda, mchezo uendelee.

Mchezo ukapata kasi. Lakini tazama ni nani aliyekuwa mwamuzi: mkubwa wa cheo, aliyeiona vita kwa macho yake. Luteni hambishii jenerali.

Mawazo hayo yalivuka bahari. Mwaka 1880 ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu kiitwacho Strategos, na miongo mingi baadaye mwanafunzi David Wesely alikikuta katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Kutoka humo alichukua wazo la mwamuzi anayeweza kuamua jambo lolote ambalo mchezaji atajaribu, na mwaka 1969 akalitumia katika mchezo wake wa Braunstein. Mmoja wa waliocheza alikuwa Dave Arneson. Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax, karani wa bima aliyepoteza kazi na kugeuka fundi viatu katika mji wa Lake Geneva, Wisconsin, walitoa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 za kwanza.

Katika vijitabu hivyo raundi ya mapigano ilikuwa dakika nzima. Gygax aliitetea dakika hiyo waziwazi mwaka 1979, katika kitabu chake cha wasimamizi: ndani ya dakika wapiganaji wanazungukana, wanahadaana, wanakosana mara nyingi, na dadu moja inasimama badala ya purukushani yote hiyo. Wengi waliona dakika ni ndefu mno. Walitaka kuliona pigo lenyewe. RuneQuest, mwaka 1978, ilikuwa na raundi ya sekunde 12. Steve Perrin, mmoja wa waandishi wake, alikuwa mwanachama wa chama cha watu wanaopigana kwa panga na ngao kwa mtindo wa kale, na waliowahi kupigwa ubavuni wanajua dakika ni nini. GURPS, mwaka 1986, ilifika sekunde moja. Dungeons & Dragons yenyewe ilitulia kwenye sekunde 6 katika toleo la tatu, mwaka 2000.

Hapo ndipo saa mbili zinapoachana. Ile ya hadithini inafupishwa, na ile ya ukutani inarefuka, maana kila pigo linaloonekana ni pigo la kurushiwa dadu.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika: zamani watu walikimbia. Toleo la Tom Moldvay la mwaka 1981 lilikuwa na kipimo cha ari. Akifa wa kwanza, au nusu ya kundi ikianguka, msimamizi alirusha dadu mbili kuona kama maadui waliobaki wataendelea au watatimua mbio. Tena, uzoefu mwingi ulitokana na dhahabu iliyobebwa nje, na kumuua mwenye dhahabu kulileta kidogo, hivyo mwenye akili alikwepa pambano. Toleo la mwaka 2000 halikuwa na kipimo hicho cha ari. Maadui wakabaki mpaka wa mwisho, na pambano lililokwisha kuamuliwa likaendelea kuchezwa kwa nusu saa nyingine. Hii kwangu ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na nashangaa haizungumzwi sana.

Kwa nini basi watu walivumilia? Nadhani walikuwa wakinunua haki. Umemlea mhusika wako mwaka mzima, umempa jina, madeni na maadui. Usiku mmoja msimamizi, ambaye ni rafiki yako tu na pengine mlikosana juzi kwa jambo lisilohusu mchezo, anasema amekufa. Hana cheo cha jenerali wa Prussia. Ukimwuliza kwa nini, ni afadhali akuonyeshe dadu, jedwali na idadi ya miraba kati yako na upinde. Toleo la mwaka 2000 lilitaja hata hatua gani ukipiga unamfungulia adui nafasi ya kukuchapa bure. Ubishi ulipungua, na kila mtu akaanza kuhesabu miraba.

Toleo la nne, la mwaka 2008, lilikaza uzi huo hadi wachezaji wengi wakalalamika kwamba pambano moja linakula jioni nzima. Mwaka 2010 kitabu chake cha tatu cha mazimwi kilileta mazimwi yanayopiga kwa nguvu zaidi, ili angalau mtu aanguke mapema.

Mwaka huohuo Vincent Baker alitoa Apocalypse World, ambayo haina raundi wala foleni ya zamu. Msimamizi anamgeukia yeyote na kumwuliza, “Unafanya nini?” Vita vinaweza kwisha kwa kurusha dadu mara tatu au nne. Nani atageukiwa ni hiari yake, kwa hiyo mwenye sauti kubwa huulizwa mara nyingi, na mgeni aliyekaa pembeni na karatasi yake anaweza kumaliza usiku bila kuulizwa lolote. Katika ile meza yetu ya dakika 100, mgeni huyo alikuwa na dakika zake 10, na hakuna aliyeweza kumnyang’anya.