DC-3: Ndege ya mwaka 1935 ambayo bado haijastaafu

WAPENZI wa ndege kongwe hawakubaliani kwa urahisi. Wapo wanaovutiwa na Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza iliyojipatia sifa katika mapambano ya angani ya mwaka 1940. Wengine huitukuza Concorde, iliyosafirisha abiria kwa kasi iliyopita ile ya sauti kuanzia 1976 hadi 2003. Hata hivyo, kuna jina moja lisilokosa kutajwa katika mijadala yao: Douglas DC-3, ambayo wengi Afrika Mashariki waliifahamu kama Dakota.

Ndege hii haina mbio za kustaajabisha. Mwendo wake wa kawaida hewani ni takriban kilomita 300 kwa saa, na haipandi juu sana. Inaenziwa kwa sababu ilichapa kazi kila ilikopelekwa, na kwa sababu baadhi yake zingali zinaruka takriban miaka 90 tangu ya kwanza ipae.

Chimbuko lake

Katikati ya miaka ya 1930, C.R. Smith, aliyekuwa mkuu wa shirika la American Airlines, alimshawishi mtengenezaji wa ndege Donald Douglas aunde ndege yenye vitanda kwa wasafiri wa usiku. Douglas alisitasita mwanzoni, kisha akakubali. Ndege hiyo ilipaa kwa mara ya kwanza mjini Santa Monica, California, mnamo Desemba 17, 1935, miaka 32 kamili tangu Orville na Wilbur Wright waruke na ndege yao yenye injini.

Muundo wa vitanda ulichukua abiria 14. Vitanda vilipoondolewa na kuwekwa viti, nafasi zikawa 21, na hapo ndipo ilipojulikana thamani halisi ya ndege hiyo. Awali, mashirika ya ndege ya Marekani yalitegemea sana malipo ya serikali ya kubeba barua. DC-3 iliyawezesha kupata faida kutokana na nauli za abiria pekee.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, ndege hiyo iliajiriwa jeshini. Wamarekani waliiita C-47, nao Waingereza wakaiita Dakota. Zaidi ya 10,000 ziliundwa Marekani, mbali na maelfu yaliyoundwa kwa leseni katika Muungano wa Kisovieti na mamia nchini Japani. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, zaidi ya C-47 800 zilivuka bahari zikiwa na askari wa miamvuli walioshuka Normandy, Ufaransa. Miaka minne baadaye, ndege za aina hiyo zilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kupeleka chakula na makaa Berlin Magharibi baada ya barabara na reli kufungwa.

Katika anga ya Afrika Mashariki

Vita vilipomalizika, maelfu ya ndege hizo ziliuzwa kwa bei nafuu. Mataifa na mashirika ambayo hayangemudu ndege mpya yalipata mahali pa kuanzia. Shirika la Ethiopian Airlines lilizindua safari zake Aprili 8, 1946, kwa C-47 iliyotoka Addis Ababa hadi Cairo kupitia Asmara.

Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka huo huo na kumilikiwa kwa pamoja na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, pia lilikuja kuzitegemea Dakota katika safari za kuunganisha miji ya eneo hili. Historia hiyo ina majonzi yake. Mnamo Mei 18, 1955, Dakota ya shirika hilo iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuelekea Nairobi iligonga Mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwemo wakafariki.

Shirika hilo lilisambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, lakini DC-3 hazikutoweka. Katika miaka ya 1980 na 1990, zilikuwa zikipaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, zikiwapeleka watalii Maasai Mara na kutua kwenye viwanja vya udongo na nyasi.

Siri ya kudumu

Kuna sababu za kiufundi zilizoifanya ndege hii ishinde umri wake. Kwanza, chumba chake cha abiria hakijazwi hewa ya shinikizo. Katika ndege za kisasa, mwili hutanuka kidogo kila inapopanda juu na kunywea inaposhuka, na baada ya safari nyingi chuma huchoka. Uchovu wa aina hiyo ndio uliozipasua angani ndege mbili za abiria aina ya Comet mwaka 1954. DC-3 haina mzigo huo.

Pili, bawa lake lina mihimili kadhaa inayogawana uzito, hivyo mmoja ukidhoofika mingine husaidia. Tatu, ni ndege inayokarabatika. Fundi anaweza kubandua bati lililoharibika, akapiga ribiti kwenye jipya, na ndege ikarudi kazini.

Injini zake mbili zinahitaji subira. Kila moja ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili. Injini ikikaa bila kuwashwa, oili huteremka na kujaa katika silinda za chini. Ndiyo maana wahudumu huzungusha rafadha kwa mikono kabla ya kuiwasha. Wakipuuza hatua hiyo, oili iliyojaa inaweza kuvunja vyuma vya ndani. Moshi mweupe unaofuka injini zinapoamka ni wa oili hiyo, na mashabiki husafiri mbali kuutazama.

Irushwe au ihifadhiwe?

Swali linalowagawanya wapenzi wa ndege kongwe ni iwapo zinafaa kuendelea kurushwa au zipumzishwe katika makumbusho. Ajali za miaka ya karibuni zimelifanya kuwa zito. Mnamo Agosti 4, 2018, Junkers Ju 52 iliyoundwa mwaka 1939 ilianguka milimani nchini Uswisi, na watu wote 20 waliokuwemo wakafa. Wachunguzi walisema marubani waliipitisha chini mno bondeni. Isitoshe, waligundua kutu na kasoro za matengenezo, ingawa hazikutajwa kuwa chanzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ndege ufa huo huenda umejificha ndani ya bawa.

Mnamo Novemba 12, 2022, ndege mbili za enzi ya vita ziligongana katika maonyesho mjini Dallas, Marekani, na kuua watu sita. Zilikuwa za Commemorative Air Force, shirika lile lile lililoiokoa That's All, Brother, C-47 iliyoongoza kundi kuu la ndege za askari wa miamvuli mwaka 1944. Ndege hiyo ilipatikana mwaka 2015 katika karakana mjini Oshkosh, Wisconsin, ikisubiri kubadilishwa injini. Ilikarabatiwa, ikapaa tena mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikavuka Atlantiki hadi Normandy kuadhimisha miaka 75 ya uvamizi ule.

Wanaotetea kurushwa kwake husema ndege iliyonyamaza huwanyima vijana sauti na harufu za historia, na kwamba ujuzi wa mafundi hufa usipotumiwa. Wapinzani hujibu kwamba ikianguka, hasara haifidiki.

Jibu la busara hutegemea idadi. Ndege iliyobaki moja au mbili duniani inastahili kupumzishwa. DC-3 ziliundwa kwa maelfu na nyingi zimehifadhiwa, zikiwemo zilizo Washington na Duxford, Uingereza. Aina hii inaweza kumudu yote mawili, mradi wakaguzi wawe wakali na marubani wasiifanyie mizaha.

Tishio kubwa kwa sasa ni mafuta. Injini zake asilia hutumia petroli maalumu yenye madini ya risasi, ambayo imekuwa adimu na ghali katika viwanja vingi, na Marekani inalenga kuachana nayo kufikia mwisho wa 2030. Suluhu mojawapo inapatikana Oshkosh, ambako DC-3 hurefushwa mwili na kufungwa injini za kisasa zinazotumia mafuta ya jeti. Ndege hizo, ziitwazo BT-67, hutumiwa hata katika barafu ya Antaktika.

Shabiki wa kweli atalalamika kwamba zimepoteza mngurumo wao wa zamani. Lakini DC-3 iliundwa ili ifanye kazi, na BT-67 ingali inaifanya.